Mkristo Akienda Bomani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Masasi na Newala)



Tulipotakiwa kusema juu ya Mkristo na mambo ya serikali tulikuwa karibu na kukataa, maana neno hili lina miiba pande zote mbili. Karani amefungwa na kanuni za kazi asijitie katika mashindano ya siasa. Mkristo naye amefungwa na ahadi ya ubatizo wake asinyamaze aonapo dhuluma. Zaidi ya hayo, chama hiki si cha watu wa dini moja. Wenzetu Waislamu wamekaa hapa mbele yetu, wala hatutasema leo neno lo lote ambalo tungeona haya kulisema nao wasikie. Hata hivyo tuliona kwamba nchi hii yetu ya Masasi na Newala ina habari zake katika jambo hili, za hasara na za faida, ambazo vijana wetu wengi hawazijui ila vipande vipande.

Neno letu ni hili. Mkristo ana haki ya kwenda bomani, na mara nyingine ni wajibu wake. Lakini akienda, na aende kuomba haki itakayomfaa pia jirani yake asiyeamini kama yeye, asiende kuazima fimbo ya serikali ili aitumie kwa kazi ya kanisa.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile tuliyozoea kuiita U.M.C.A., alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, kusudi kuwarudisha karibu na nchi zao za upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe mnayoijua, watu wakapenda kukaa, wakakaa, ukawa mji. Siku zile hapakuwa na serikali ya Mdachi wala ya Mwingereza, na mamlaka ya Sultani hayakufika huko ila kwa jina. Basi mapadre wakawa wenye kanisa, na wao wao wakawa wenye baraza. Mtu aliyehubiriwa asubuhi huenda jioni akasimama mbele ya mhubiri yule yule kuhukumiwa. Hatusemi kwamba walikuwa watu wabaya. Twasema kwamba kazi hizo mbili hazikai vema katika mkono mmoja. Ushahidi wake haukukawia. Mwaka 1879, katika misheni ya Waskoti huko Blantyre, mtu aliyeshitakiwa kwa kuua alipigwa risasi kwa amri ya wamisheni wenyewe, na wengine wakapigwa viboko hata ikawa aibu. Kanisa la Scotland likatuma watu kuchunguza, na wakubwa wa misheni ile wakaondolewa kazini.

Masasi nayo ilipata fundisho lake, ila la namna nyingine. Mwaka 1882 Magwangwara waliuvamia mji, wakaua na kuteka watu, na sehemu kubwa ya kazi ya misheni ikahamia hapa Newala kwa Matola, mkubwa wa Wayao. Angalieni jambo hili, ndugu zetu. Matola alipowapokea wageni wale hakuwa Mkristo. Aliwapa mahali pa kukaa, akawaacha wasali na kufundisha. Kwa hiyo uhuru wa dini ambao Wakristo waliupata kwanza katika kilima hiki walipewa na mtu asiyekuwa wa dini yao, naye hakuwa na katiba wala hati ya mataifa iliyomlazimisha.

Sasa tuje kwenye jando, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu, na hapo tutakawia kidogo.

Kila mtu wa nchi hii ajua kwamba zamani kijana asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto hata akiota ndevu. Hakusikilizwa penye wazee, hakupata mke kwa heshima, na wenzake walimcheka kwa nyimbo. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde mambo haya yalikuwa na taratibu zake, na matambiko yake kwa wazee waliokwisha kufa. Uislamu ulipopanda kutoka pwani, Wayao waliosilimu hawakuitupa desturi, waliigeuza. Lupanda ya zamani ikawa jando, ikasomewa dua. Basi mtoto wa Mkristo alikuwa na njia tatu mbele yake, na zote zilikuwa na taabu. Aende kwa watu wa mila, akashiriki matambiko ambayo wazazi wake waliahidi kuyaacha. Au aende kwa Waislamu, na pengine arudi amekwisha kuhesabiwa kuwa wao. Au akae nyumbani, abaki mtoto siku zote za maisha yake.

Wazungu wa kwanza wa misheni hawakuuona sawasawa uzito wa jambo hili. Mapadre na walimu Waafrika waliuona, maana watoto waliokuwa wakichekwa njiani ni watoto wao. Padre Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kuwa mtumwa, ambaye mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni ile, alifanya kazi miaka mingi Chitangali. Tangu siku zake kanisa la huku lilikuwa na watu walioijua nyumba ya babu zao na nyumba ya Mungu, na walioweza kusema kwa Kiyao na kwa Kimakua ni kipi katika unyago ni ibada ya mizimu, na kipi ni adabu tu.

Mwaka 1909 alifika Padre Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 aliwekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi, akashika kazi hiyo mpaka mwaka 1944. Yeye pamoja na mapadre Waafrika walianza, katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya kwanza, kufanya jando la Kikristo. Porini, mahali pa mti ule wa lupanda, pakasimamishwa msalaba. Padre akabariki. Nyimbo chafu zikaondolewa, na matambiko yakaondolewa. Lakini kukaa porini pamoja, kuvumilia, kufundishwa heshima kwa wazee na siri za utu uzima, na ile furaha ya kijiji wavulana wanaporudi wamevaa nguo mpya, hayo yaliachwa. Wazee Wakristo wakawa waalimu wa mambo hayo, si Mzungu. Kwa upande wa wasichana kazi haikwenda vizuri kama hiyo, kwa kuwa unyago wao ulikuwa mikononi mwa akina mama wakubwa, nao hawakuwa tayari kupokea mashauri ya kila padre. Na nani angewalaumu?

Tumefanya kazi na makarani wengi walioisikia habari hii kama habari ya desturi tu. Sisi twaiona kuwa habari ya uhuru wa dini. Kulikuwa na serikali wakati ule, kwanza ya Wadachi, kisha ya Waingereza, na serikali zote mbili zilijua kupiga marufuku. Njia iliyochaguliwa Masasi haikuwa ya marufuku. Kanisa lilifanya jambo lililo gumu kuliko kuandika barua bomani: lilitengeneza jando lake, likaliacha lishindane na majando mengine kwa wema wake. Hata katika kilima kimoja, kwa msimu mmoja, yalikuwako majando ya namna tatu, na mzazi alichagua.

Twasema haya bila kuyapamba. Mkristo aliyempeleka mtoto wake kwenye jando la mila aliweza kuzuiliwa sakramenti, na wapo walioona kwamba adhabu hiyo ilikuwa kali. Lakini hiyo ilikuwa adhabu ya kanisa kwa watu wa kanisa, nayo haikuwa na askari nyuma yake. Mtu aliyeondoka kanisani aliondoka na shamba lake na nyumba yake.

Linganisheni na yaliyotokea Kenya mwaka 1929. Huko misheni kadhaa, ile ya Waskoti ya Dakta John Arthur ikiwa mbele, ziliwataka Wakristo wa Kikuyu watie sahihi au dole gumba kwamba wanaikana desturi ya kuwatahiri wasichana, na pia kwamba wanajitenga na chama cha siasa cha Wakikuyu. Asiyetia sahihi atoke. Na walimu walipoteza kazi, na watoto wakafukuzwa shuleni. Hatutaki mtu adhani kwamba twaitetea desturi ile. Kukata mwili wa msichana kwaleta madhara, na katika nchi yetu sheria ya mwaka 1998 imeifanya kuwa kosa kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Madaktari wale walikuwa na haki katika jambo lenyewe. Lakini walifunga pamoja mwili, imani, shule na siasa katika karatasi moja, na mtu aliyeikataa karatasi kwa sababu ya siasa akawa ameikataa na dawa pia. Wakikuyu maelfu wakaondoka, wakajenga shule zao wenyewe, na desturi ile iliyokusudiwa kufa ikapata nguvu mpya kwa kuwa sasa ilikuwa bendera. Kwetu Masasi na Newala desturi ya kukata wasichana haikuwa yetu, kwa hiyo jaribu letu lilikuwa jepesi zaidi; ni haki kulikiri hilo.

Labda mwenzetu atauliza, basi mpaka wa uhuru huu u wapi? Sheria imejibu tangu zamani. Hati ya Baraza la Mataifa la Geneva, iliyowakabidhi Waingereza nchi ya Tanganyika mwaka 1922, katika kifungu cha 8 iliwalazimisha kulinda uhuru kamili wa dhamiri na ibada za kila namna, ila zisipingane na amani na adabu ya watu wote. Na Katiba yetu ya mwaka 1977, baada ya haki za binadamu kuingizwa ndani yake mwaka 1984, katika Ibara ya 19 yatoa uhuru wa kila mtu kuamini na kuchagua dini, na kuiweka kazi ya kuziendesha jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Mpaka ni amani ya watu, miili ya watu, na haki za wengine. Mkubwa wa wilaya akiagiza kwamba majando yafanywe wakati wa likizo, ili watoto wasikose masomo, hajaingilia dini ya mtu. Maana agizo hilo lamshika Mkristo, Mwislamu na mtu wa mila sawasawa. Angeagiza hivyo kwa jando la upande mmoja tu, hapo tungekuwa na neno la kusema.

Hata hapa tumesema juu ya mambo ambayo kanisa halikuyataka serikalini. Je, lina lo lote la kutaka? Lipo, na mfano wake u karibu. Mwaka 1919 Gavana Northey wa Kenya alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Na ninyi mlio makarani mwajua neno "kuwahimiza" huwa na maana gani linapotoka juu na kushuka hata kwa jumbe wa kijiji. Maaskofu wa Mombasa na Uganda pamoja na Dakta Arthur walilalamika, lakini walikuwa tayari kuikubali kazi ya lazima ikiwekwa wazi katika sheria na kuwekewa mipaka. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye Masasi nayo ilikuwa bado chini yake siku zile, hakuridhika. Mwaka 1920 alitoa kijitabu alichokiita "The Serfs of Great Britain", akasema kwamba kumlazimisha Mwafrika kumfanyia kazi mtu binafsi ni utumwa, uwe na sheria au usiwe nayo. Wengine nao wakapaza sauti Uingereza, na mwaka 1921 Wizara ya Makoloni iliamuru maofisa wa serikali wasiwatafutie walowezi watu wa kazi.

Katika shauri lile Weston hakuomba kiwanja cha kanisa. Hakuomba ruzuku ya shule. Watu aliowatetea wengi wao hawakuwa wa kanisa lake, wala hawakukaa katika dayosisi yake. Tena kazi hii si ya maaskofu peke yao. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani katika misheni ile ile, alipoanzisha Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi wa serikali Waafrika, hakukifanya cha Wakristo. Angaliweza. Waliojua kusoma Kiingereza wengi walitoka katika shule za misheni.

Na hapo twafika kwenye shule, jambo ambalo katika wilaya hizi mbili bado huwauma watu, wengine kwa upande huu na wengine kwa upande ule.

Tangu mashauri ya mwaka 1925 serikali ya Waingereza ilizipa misheni fedha za kuendesha shule. Faida yake sisi tuliolelewa na shule za kanisa hatuwezi kuikana. Lakini jirani yetu Mwislamu wa Newala aliyaona mambo hayo kwa jicho jingine. Kodi yake ilikwenda katika shule ambayo aliogopa kumpeleka mwanawe, asije akarudi na jina jipya. Wengine hawakuwapeleka, na watoto wale wakakosa kazi ambazo watoto wetu walizipata. Haki ya dini ilikuwapo katika hati, lakini bei yake ililipwa na mtoto. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitwaa shule hizo mwaka uliofuata, Chidya ikiwa mojawapo, Wakristo wengi walisema kwamba serikali imelinyang'anya kanisa. Mwalimu Nyerere, aliyefanya hayo, alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Sisi twaona kwamba alikuwa na haki katika neno kubwa, ijapokuwa majengo mengi hayakutunzwa baadaye kama yalivyotunzwa kwanza, na hilo nalo ni kweli inayostahili kusemwa.

Yuko mtu mmoja anayetusaidia kupima. Trevor Huddleston, Askofu wa Masasi tangu 1960 hata 1968, alipokuwa padre Afrika Kusini aliipinga sheria ya mwaka 1953 iliyozitia shule za Waafrika chini ya serikali ya makaburu, na wenzake wa shirika lake wakaona heri shule yao ifungwe kuliko kuitoa. Mtu huyo huyo alipokuja kwetu alishirikiana kwa moyo na serikali ya Nyerere. Je, aligeuka? Hatudhani. Kule serikali ilitwaa shule ili mtoto Mwafrika afundishwe kuwa mtumishi. Huku zilitwaliwa ili watoto wa dini zote wakae dawati moja. Hakuuliza kwanza kanisa litapoteza nini.

Kabla hatujaketi twaleta shauri moja dogo. Uhuru wa dini huandikwa Dodoma, lakini hutendeka mezani petu: barua ya kuomba kiwanja cha msikiti au kanisa, kibali cha mkutano, cheti cha kuandikishwa. Malawi, jirani zetu, waliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova mwaka 1967, na watu wale waliokataa kununua kadi za chama wakapigwa na kukimbilia nchi nyingine, hata marufuku ikaondolewa baada ya mwaka 1993 kuwadia. Kazi ile haikufanywa na rais peke yake. Kulikuwa na mtu aliyeandika majina. Basi twaomba wanachama wakubaliane kwamba kila barua ya namna hii iandikwe daftarini siku ile ile ifikapo, na ijibiwe kwa zamu yake, awe mwenye barua ni nani.

Na ili msidhani kwamba twawasema wengine, tutawaeleza yaliyo yetu. Miaka michache iliyopita, katika ofisi moja ambayo hatuitaji, mzee mmoja alituletea barua ya kuomba kiwanja cha madrasa. Hatukuikataa. Tuliiweka chini ya nyingine. Juma lilo hilo ilifika barua ya parokia, tukaipitisha kwa siku tano. Hatukupokea kitu kwa mtu wala hatukuandika uongo. Tulijiambia tu kwamba wale wengine ni wengi, watangoja. Mzee alikuja kwa miguu mara tatu, nasi kila mara tulimwambia kwamba barua yake inashughulikiwa. Mara ya nne hakuuliza habari ya kiwanja. Alituomba namba ya barua yake katika daftari, ili siku nyingine asitusumbue kuitafuta. Tukafungua daftari mbele yake, na namba haikuwapo, maana hatukuwa tumeiandika. Tukaiandika pale pale, kwa tarehe ya siku ile, akatushukuru, na keshokutwa yake jibu likatoka. Yalikuwa yamepita majuma sita tangu alipoileta. Daftari lile mpaka leo lasema kwamba barua ya mzee yule ilijibiwa kwa siku mbili.